Kochi la Zahanati

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka zahanati. Mafuta kwenye damu bado yako juu! Nimemweleza daktari kwamba kidonge nameza kila siku bila kukosa, hata siku za soseji. Akauliza, mboga je? Nikasema nyumbani zipo. Akasema zinatakiwa tumboni, kidonge peke yake hakitoshi.

Mke wangu akadakia: mafuta yasiposhuka, funguo za karakana yangu ya makochi anapewa shemeji, mimi nipumzike nyumbani. Shemeji! Mdogo wake, niliyemfundisha mwenyewe kushika nyundo! Anatafuna karoti mchana kutwa. Nimembatiza Sungura.

Karakana ile nimeijenga mimi. Sitoki. Na sikurudi mikono mitupu: daktari amenipa kochi la chumba chao cha kungojea, limebonyea, nilitengeneze.

Jumanne, 4 Machi
Hotipoti imefika karakana. Nimefunua: kabichi, mchicha, bamia. Bamia! Zinateleza kooni bila kuomba ruhusa. Mke wangu ameagiza hotipoti irudi tupu. Sawa. Hakusema mboga ziende wapi.

Kochi la zahanati liko wazi mbele yangu, shimo katikati ya sponji. Akili ni mali! Sungura alipokwenda kununua gundi, nilifunga mboga kwa kitambaa cha maua kilichofunika chakula, nikaziba shimo, nikarudishia sponji juu. Kisha soseji mbili, kibanda cha jirani. Na kidonge changu nitameza. Mimi si mzembe.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yanakwenda. Mke wangu anasema nimeanza kunawiri usoni. Ameulizia vitambaa vyake vya maua. Nimesema Sungura anafutia gundi. Kapigwa maneno, maskini! Kochi limenona.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepeleka kochi. Zile ngazi! Katikati moyo ukaanza kugonga, macho yakaingia giza. Sungura akalipandisha peke yake, akarudi kunishika mkono. Daktari kalikalia, kasema kazi safi, lina uzito wa makochi ya zamani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jioni mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba hataki kuwa mjane. Nimeogopa, kweli nimeogopa. Nimemwapia: kuanzia kesho, mboga.

Jumapili, 9 Machi
Bamia. Nitaanza Jumatatu.

Jumatano, 12 Machi
Balaa! Zahanati wamepiga simu. Chumba cha kungojea kinanuka, wagonjwa wamehamia nje, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Daktari anadhani panya kafia kwenye kochi. Nikakimbia kwenda kulifungua mwenyewe. Nimechelewa! Sungura alishafika na mkasi, mke wangu nyuma yake.

Vifurushi vikatoka, kimoja kimoja, vyote vya maua. Daktari akauliza, kwa upole uliozidi, kama hivi ndivyo ninavyokula mboga. Nikasema nilikuwa naziweka akiba. Njia ya mwongo ni fupi. Mke wangu hakupiga kelele, alinyoosha mkono tu. Nikaweka funguo. Zikaenda mfukoni kwa Sungura.

Nimelia kidogo, nje, kwenye benchi la mbao. Lile gumu, ambalo wagonjwa wote walikuwa wamebanana juu yake.

Ijumaa, 14 Machi
Sasa nimeajiriwa na Sungura, katika karakana yangu! Mchana ananikalia mbele, hotipoti katikati, hapepesi macho mpaka nimeze. Leo kasema anataka niishi miaka mingi, shemeji yake, maana kona za kochi bado hajui kuzishona. Nilikaribia kumpenda. Nikameza bamia tatu bila kulazimishwa.

Baadaye nimetulia nikatafakari nilikosea wapi. Kosa langu nimeliona wazi, na sitalirudia kamwe: kabichi! Kabichi ina maji mengi, lazima ioze. Karoti je? Karoti ni ngumu. Karoti ina subira.

Leo mteja ameleta kitambaa cha mapazia, anataka upindo mpana. Nimejitolea kushona mimi. Sungura kafurahi, kasema sasa nimebadilika. Nimemwomba hotipoti ya Jumatatu iwe karoti tupu. Akanishika bega, karibu atoe machozi.

Fundi yeyote anajua: pazia zuri linataka uzito chini.