Jezi ya Adui kwa Bei Kamili

Jumatatu, 23 Septemba

Seok Min-gyo ameitwa jeshini. Anaripoti kambini keshokutwa. Jezi yenye jina lake mgongoni niliinunua siku kumi na tisa zilizopita. Huyu ni wa saba! Wawili waliuzwa kwa timu nyingine, watatu waliumia, mmoja aliacha besiboli akafungua mgahawa wa tambi. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mitatu. Najua kutofautisha sadfa na kanuni.

Mama Subin, ambaye kwa misimu tisa amekaa kiti cha kushoto kwangu uwanjani, alinipigia simu kabla sijamaliza kifungua kinywa. Akauliza kama sasa roho yangu imeridhika. Akasema wenzetu wa Jukwaa C wako tayari kunichangia ninunue sweta la kawaida, kama watu wazima wengine. Nilimjibu kwa adabu. Adabu nyingi mno, nadhani. Hakugundua kwamba nimekasirika.

Jumanne, 24 Septemba

Nimezipanga jezi zote kitandani. Zipo nane, kwa sababu ipo pia ya Ham Deok-su, ambaye bado anatuchezea, mnene, mwenye furaha, asiyejua hata mafua. Kwa nini yeye amesalimika? Nimepekua risiti zote. Jezi ya Ham ndiyo pekee niliyoinunua kwa punguzo la asilimia kumi, ile takrima ya wenye tikiti za msimu. Nyingine zote nililipia bei kamili, kwa kuwa naona ni utovu wa heshima kumpunguzia thamani mchezaji unayempenda. (Mto wa kukalia tunaopewa kila mwaka naupokea. Mto hauna jina la mtu.)

Kanuni, basi: jina mgongoni, bei kamili, jezi ivaliwe uwanjani. Masharti matatu yakitimia, mchezaji hutoweka.

Jumapili tunacheza na Nyati wa Wonju. Tukishinda, Korongo wetu wa Chuncheon wataingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Tatizo ni mrushaji wao, Kuk Dae-heon, namba 41. Mwaka huu hatujapata hata pointi moja mbele yake.

Wazo limenijia. Nililipokea nikiwa nimesimama wima.

Alhamisi, 26 Septemba

Jezi ya Kuk imefika. Kahawia na chungwa! Rangi ya supu iliyolala. Kola inakwaruza. Herufi za jina zimebandikwa kwa pasi badala ya kushonwa, na mstari wa ubavuni unakatika ghafla kwapani bila sababu yoyote ya kuridhisha.

Mleta vifurushi, shabiki mwenzetu, aliiona nembo ya Nyati kwenye mfuko. Akanishika mkono kwa upole. "Mzee, kuna mgonjwa hapa nyumbani?" Nilimwambia ni zawadi ya shemeji. Sina shemeji.

Jumamosi, 28 Septemba

Mama Subin amepiga simu kugawa majukumu ya chakula. Yeye ataleta ngisi mkavu, mimi kuku wa kukaanga. Akanionya nisije nimevaa jina la mchezaji wetu yeyote, hata wa akiba. Nikaahidi kwamba nitavaa kwa manufaa ya timu. Kila neno lilikuwa kweli.

Utabiri wa kesho: jua kali, hakuna wingu. Koti langu pekee linalofunga hadi shingoni ni la mvua. Nitadai nina homa.

Jumapili, 29 Septemba

Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Awamu tano za mwanzo, Kuk alituchezea kama watoto. Nyati mbili, sisi sifuri. Mimi nilikuwa nachemka ndani ya koti la mvua na kanuni haifanyi kazi! Mama Subin akauliza mbona natoka jasho kama kuku niliyemleta. Nikaenda chooni, nikaitazama risiti upya kwenye simu. Maafa! Duka lilikuwa limenikata asilimia ishirini: punguzo la mwisho wa msimu. Sikuliomba.

Nilikimbilia kibanda cha jezi za timu ngeni karibu na Lango la Tatu, nikamwomba muuzaji apokee ile asilimia ishirini. Msichana akanitazama juu hadi chini. Akasema Mzee, kazi yake ni kuuza, si kuokota sadaka. Nikamweleza kanuni. Akasema niende nikanywe maji. Basi nikanunua jezi ya pili ya Kuk, bei kamili, nikaivaa juu ya ile ya kwanza. Hapo msichana akaniinamia na kusema wateja wa aina yangu wamekuwa adimu.

Awamu ya saba. Nilipoinuka kumpisha mtu, kishikizo cha koti kikanasa kwenye mfuko wa Mama Subin. Koti likafunguka lote. Kahawia na chungwa mbele ya Jukwaa C!

Sitaandika kila kitu nilichoitwa. "Msaliti" ndilo lililokuwa jepesi. Mtu wa nyuma yangu alipaza sauti, "Vua hiyo takataka, wee mzee!" Kipande cha ngisi kilinipiga shingoni. Nikajitetea kwa hoja tatu, nikizihesabu kwa vidole. Hakuna aliyesikia ya pili. Lakini Mama Subin alikuwa ameisikia ya kwanza. Akapanda juu ya kiti.

"Jamani, nyamazeni! Hiyo nuksi yake safari hii kamletea yule pale! Mgeuzeni! Mgeuzeni mgongo!"

Wakanigeuza. Wanaume wawili wakaninyanyua, jina la Kuk likimtazama Kuk mwenyewe, na jukwaa zima likaanza kupiga makofi kwa mdundo. Skrini kubwa ikanionyesha. Kuk akaniona! Akarusha mipira minne mibaya mfululizo, mtu wetu wa pili akapata kituo bure, na kocha wake akamtoa.

Aliyeingia badala yake alipigwa na Ham, ndiyo, Ham mnene, mpira ukavuka ukuta wa nyuma, naye akarudi nyumbani pamoja na wale wawili waliokuwa vituoni. Tatu kwa mbili, na ikabaki hivyo hadi mwisho! Nimekumbatiwa na watu nisiowajua. Mmoja alikuwa yule wa "takataka".

Jumatatu, 30 Septemba

Sauti imenikauka. Furaha tupu.

Mama Subin ameona ni vyema kunijulisha kwamba Kuk alikuwa amefikisha mipira mia moja na nne, na kwamba kocha yeyote angemtoa. Nimeliandika pembeni kama jambo dogo.

Jumatano, 2 Oktoba

Mtoano unaanza Jumamosi, nyumbani kwetu. Siwezi kwenda na kahawia, wala siwezi kumhatarisha Korongo yeyote. Suluhisho ni la kifahari: jezi yetu nyeupe, herufi za kushonwa, na mgongoni jina langu mwenyewe. PYO 61. Mimi siuziki, na jeshi halinitaki. Muuzaji alinikumbusha punguzo langu. Nikalikataa. Wiki kama hii haistahili punguzo.

Nimeivaa hapo hapo, na sasa naingia nayo uwanjani kutazama mazoezi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kifundo cha mguu wa kulia, mifupa miwili. Ngazi za Jukwaa C, juzi, dakika kumi baada ya kuingia. Daktari anasema wiki sita. Ngazi zilikuwa na maji. Tukio moja halithibitishi chochote. Ningemnyima alama mwanafunzi yeyote ambaye angedai vinginevyo.

Lakini kesho! Miaka kumi na mmoja, na kesho nitakuwa kitandani hospitalini.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumeshinda, tano kwa moja!

Mama Subin aliniletea uwanja mzima wodini. Alinipigia simu ya video tangu mpira wa kwanza, akaisimamisha simu kwenye kiti changu, juu ya mto, akaifunga skafu. Kila awamu aliitazama na kuniuliza kama nimekula. Na katika awamu ya nane Jukwaa C likaniimbia. Kila mchezaji wetu ana wimbo wake. Sasa na mimi ninao. Una maneno manne tu, na mawili ni "mguu wake". Niligeukia ukutani, nikasingizia dawa.

Wema wa namna hii haulipwi kwa ngisi. Nimemwagizia jezi nyeupe, herufi za kushonwa, jina lake kamili mgongoni: NAMGUNG MI-OK. Ataivaa Jumanne uwanjani. Duka lilinipa punguzo kwa sababu ya mguu.

Nimelikataa, bila shaka. Mama Subin anastahili bei kamili.