Wagonjwa Wangu Wawili wa Uongo

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya mwanga imefika maabara. Imepewa meza yangu ya dirishani. Hadubini yangu imesukumwa karibu na sinki. Miaka ishirini na sita pale dirishani! Aliyeniweka ni bosi wetu wa kwanza, marehemu, tuliyemwita Jicho. Alitufundisha kupaka rangi vioo vya hadubini bila haraka, vidole vikabaki zambarau wiki nzima. Mke wangu anasema alinipendea vidole hivyo. Alidhani mimi ni mchoraji.

Jumanne, 4 Machi
Mashine ina mwenyewe: binti mtafiti, mpole kupita kiasi. Ananiita baba. Kaeleza kwamba tone la damu likimulikwa, kila kilichomo humeza sehemu yake ya mwanga, na unaobaki huchorwa kama mstari wenye vilima. Vilima vikikaa vibaya, huenda kuna saratani, mtu apelekwe vipimo zaidi. Dakika mbili, basi. Jicho alikaa nusu saa juu ya kioo kimoja, akiimba puani, mpaka aseme, "Huyu hapa." Ule ndio ulikuwa upimaji.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa yake. Nina hakika mashine inasoma fomu tu na kukisia. Nimejitoa damu mirija miwili. Wa kwanza nimeandika dereva wa lori, miaka 31. Wa pili, bibi mkulima, miaka 70. Yatatoka majibu mawili tofauti, nami nitamwambia mkuu wa maabara mbele ya wote kuwa damu ni moja. Zamu ya mirija hiyo kwenye mashine ni Ijumaa; mchana nitakuwa dirishani.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu yametoka. Mistari miwili, vilima vilevile. Vimekaa vibaya kwenye yote miwili.
Binti kaenda mbio mapokezi kuwatafuta dereva na bibi. Namba ya simu ya dereva niliitunga. Kapokea muuza mbao, mkali sana. Ya bibi haipo kabisa. Mimi nikaosha vioo ambavyo vilikuwa safi. Mashine mbovu, bila shaka.

Jumatatu, 10 Machi
Mshipi wangu nimeukaza matundu mawili zaidi tangu mwaka jana. Nilisema ni uzee.
Binti bado anawatafuta. Hakula mchana. Kaomba ruhusa aende mwenyewe maegesho ya malori kumuulizia dereva. Kisha kaja kusimama kando ya sinki, fomu ya bibi mkononi.
"Baba, huyu bibi yuko mahali anapalilia, hajui kitu. Nitalalaje mimi?"
Nikakaa chini. Nikamwambia bibi ni mimi. Na dereva pia.
Nilingoja matusi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado.
"Usile. Twende kwa daktari sasa hivi."
Alibeba mkoba wangu njia nzima. Mkuu wa maabara kaniahidi barua ya onyo.

Jumatano, 19 Machi
Uvimbe kwenye utumbo mpana, mdogo kama harage. Ni saratani, lakini daktari mpasuaji anasema tumeiwahi, na kwamba mwaka mmoja baadaye angekuwa anaongea na mjane. Mke wangu alinishika vidole, akavitazama kimoja kimoja. Akasema siku hizi visafi mno.

Alhamisi, 27 Machi
Nimepasuliwa juzi. Uvimbe umetolewa wote. Binti alikuja kunitazama wodini, akaomba nikipona nimfundishe kusoma vioo kama Jicho alivyonifundisha. Nilijifanya nasinzia, machozi yasionekane.
Ila wodi hii nayo ina mambo. Muuguzi ana kipimajoto kipya. Anakielekeza kwenye paji la uso kama bastola, sekunde moja, kaondoka. Zamani kipimajoto cha zebaki kilikaa kwapani dakika tatu nzima, na muuguzi alikaa nacho, akakuuliza habari za nyumbani. Kitu cha sekunde moja kitajua nini?
Anapita saa tatu kamili asubuhi. Nimemwomba mke wangu kesho aje mapema na chai, ya moto sana, katika kikombe cha bati kinachoweza kuegemezwa kwenye paji la uso. Kaniuliza cha bati cha nini. Nimemwambia nina kiu.