Supu Isiyo na Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Waraka umebandikwa mlangoni mwa masjala. Ofisi inatoa kijitabu cha mapishi ya nyumbani. Kila mfanyakazi alete mawili: moja la afya, moja la kujidekeza. Ijumaa tunaonja. Mama Mkurugenzi mwenyewe ataonja.

Nimeusoma mara nne. Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kina magurudumu. Tunaokitolea macho ni wawili, mimi na Profesa, tuliyempa jina hilo kwa ajili ya miwani anayoining'iniza shingoni, si kwa elimu. Profesa anajua kupika. Mimi najua kuchemsha maji, na hata hayo niliwahi kuyasahau hadi sufuria ikaungua.

Lakini nyumbani kwangu yuko mama mkwe, amekuja kututembelea. Supu yake ya maboga na keki yake ya chokoleti zinasifiwa na ukoo mzima.

Nimezunguka dawati langu hadi mpiga chapa akaniuliza nimepoteza nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba mama mkwe mapishi yake. Akafurahi. Supu: maboga, karoti, vitunguu, tangawizi. Nikauliza kiasi. Akasema kiasi cha kutosha, baba. Nikauliza cha kutosha ni kiasi gani. Akasema ukiona kimetosha, unaacha.

Huwezi kuandika hivyo kwenye kijitabu. Kesho nitapima mwenyewe. Usingizi hauji.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimeazima mizani ya vifurushi. Mama mkwe akaanza keki, nami nyuma yake, daftari mkononi. Kila alipochota sukari nilimwomba aimwage kwanza kwenye mizani. Mara ya tatu akasimama. Akaniuliza taratibu kama sukari imeadimika humu ndani. Nikasema hapana, mama, nataka tu kujua unatumia kiasi gani.

Sentensi mbaya. Nilijua kabla haijaisha.

Akanawa mikono. Akaenda chumbani. Saa kumi alikuwa kwa shemeji yangu, na begi lake.

Mke wangu aliporudi aliuliza jambo moja: ni kweli nimempimia mama yake sukari? Nilijaribu kueleza tofauti kati ya kupima sukari na kumpimia mtu sukari. Hakungoja mwisho wa maelezo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepika mwenyewe. Keki imekauka juu, ndani inatiririka. Nimeirudisha ndani ya oveni. Sasa imekauka kote.

Supu ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshewa boga. Nikatia kijiko cha siagi. Nafuu kidogo. Nikatia robo ya pakiti. Kisha pakiti. Kisha krimu, jibini, na kopo la maziwa mazito lililokuwa linanitazama kabatini. Nikaonja. Nikakaa chini. Nikaonja tena.

Kwenye karatasi ya mapishi ya afya nimeandika: maboga, karoti, vitunguu, tangawizi, chumvi kidogo. Haina mafuta. Mkono ulisita kwenye neno "haina", halafu ukazoea.

Ijumaa, 7 Machi

Meza ndefu, kitambaa cheupe. Dereva wa ofisi alijaribu kukata keki yangu, kisu kikapinda. Akaniomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Profesa alileta saladi ya maharage na biskuti za siagi. Biskuti zilikwisha kabla sijafika upande ule. Mkurugenzi hakuzigusa. Alisema daktari amemkataza mafuta na sukari.

Kisha akaonja supu yangu. Akafumba macho. Mabakuli matatu. Akasema tangu akatazwe, hiki ndicho kitu cha kwanza kilichomkumbusha kwamba yeye ni binadamu. Akaniomba nimletee chupa moja kila asubuhi.

Profesa alionja pia. Akalamba kijiko, akanitazama, akakilamba tena. Watu wa namna hiyo siwapendi.

Jumatatu, 10 Machi

Chupa ya kwanza imepokewa. Mkurugenzi amenitaja kikaoni. Mke wangu ameuliza siagi yote inakwenda wapi. Nimesema masjala. Hajauliza tena, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki mbili za chupa. Leo Mkurugenzi ameniita, akafunga mlango. Siku yake ya kliniki ilikuwa Ijumaa. Mafuta kwenye damu yamepanda badala ya kushuka. Alikuwa na karatasi mbele yake, hakuwa akiisoma.

"Mama yangu alianguka jikoni akiwa na umri wangu huu," alisema. "Moyo. Ndiyo maana najitahidi. Daktari anataka nimwandikie kila ninachokula. Kipya ni supu yako tu, na yenyewe haina mafuta. Sijui nimwandikie nini."

Miguu ilitaka kutoka. Nikaizuia.

"Mama, ina siagi."

"Kiasi gani?"

"Pakiti."

"Kwa wiki?"

"Kwa sufuria."

Nikamtajia na krimu, na jibini, na kopo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

"Nimejisifu kwa daktari wiki mbili nzima," alisema. "Toka, tafadhali."

Nimeketi chooni nusu saa. Sikuwaza kiti hata kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Nikamwomba mama mkwe msamaha, mlangoni, kabla hajanikaribisha. Nikamweleza yote, pamoja na ugonjwa wa Mkurugenzi. Kisha akachukua khanga yake.

"Ungesema mapema kwamba ni ya mtu anayeumwa, ningekuja mwenyewe," alisema. "Twende sokoni. Na mizani yako iache."

Ameniwekea tangawizi kiganjani, akanifanya nionje kila hatua. Vitunguu viive polepole, bila mafuta, kwa maji kidogo kidogo. Nimekoroga kwa muda wa saa mbili. Mke wangu alisimama mlangoni, akaangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Ijumaa, 28 Machi

Mkurugenzi ameikubali supu halisi, baada ya kunitaka niinywe kwanza mbele yake. Imeingia kwenye kijitabu kwa jina la mama mkwe. Kiti amepewa Profesa. Nimempa mkono. Alisema alijua ni siagi tangu kijiko cha kwanza, ila hakutaka kuniharibia.

Mtu mwema. Nimerudi mezani nikiwa nimetulia kabisa. Nimeapa kutodanganya tena kazini.

Mchana nimesikia kwamba mkuu wa ghala naye anaondoka, na Mkurugenzi msaidizi, anayechagua mrithi, anapenda mawaridi kupita kiasi. Tumekutana kwenye ngazi. Nimemwambia nina bustani ya mawaridi, miaka kumi sasa. Anakuja kuitazama Jumapili saa nne.

Jirani yangu ana vyungu kumi na viwili vya mawaridi. Nimekwisha kuviinua viwili kupima uzito. Vinabebeka.