Rudisheni Marufuku ya Kamera Stesheni ya Anorzor

Risolat Hamidova,
Mstaafu, Mtaa wa Qumloq,
Tashkent.
20 Agosti 2018

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Reli ya Chini ya Ardhi,

YAH: WATU KUJIPIGIA PICHA WAPENDAVYO

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ikikukuta mgonjwa uisome hivyo hivyo, maana jambo lenyewe haliwezi kungoja upone.

Mimi ndimi niliyekuwa mlinzi wa jukwaa katika stesheni ya Anorzor kwa miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna binadamu anayepiga picha huko chini. Mwezi Juni mmetangaza kwamba sasa ni ruksa. Hamkuniuliza. Habari nimezipata kwa muuza nyanya. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmedharau historia. Tetemeko la mwaka sitini na sita lilipouangusha mji, wakubwa waliamua kuchimba reli. Watu wakanong'ona kwamba udongo wetu ni laini kama halua na ardhi bado inacheza. Wakubwa wakachimba hivyo hivyo, kina kifupi, wakazifunga kuta kwa chuma zisipasuke ardhi ikitikisika. Halafu tukaambiwa kwamba bomu kubwa likija, mji mzima utashuka kujificha humo. Mahali pa kujificha ni siri, na siri haipigwi picha. Ni kweli kwamba siri hiyo ilitazamwa kila siku na maelfu ya abiria, na jambo hilo lilininyima raha. Mwaka 1989 niliandika kupendekeza abiria waamriwe kutazama sakafu muda wote wakiwa jukwaani. Sikujibiwa. Baadaye nikatambua kuwa sakafu nayo ni ya marumaru yenye nakshi, nikanyamaza.

2. Chanzo cha makosa yote ni wapambaji wenu. Kila stesheni ilivishwa kama bibi harusi: nguzo za marumaru, kuba za rangi ya anga, taa za vioo zenye uzito wa ng'ombe. Nani anakimbia bomu akajifiche chini ya kioo? Mkawapa wao kazi ya kuongeza uzuri, mkanipa mimi kazi ya kuuficha. Anorzor ndiyo imezidi. Ukuta mzima ni vigae, bustani ya makomamanga toka mlango hadi mlango, mengine yamepasuka na punje zake zinang'aa kama zimetemwa sasa hivi. Ukuta huo ni kazi ya kaka yangu, Tohir. Alioka kigae kimoja kimoja kwa miezi kumi na minne mpaka nyusi zikaungua.

3. Mmefuta utumishi wangu. Ushahidi ni huu. Wiki tatu baada ya stesheni kufunguliwa, Mei 1987, kaka Tohir alishuka na kamera ya kuazima. Mama yetu alikuwa kitandani, miguu haina nguvu, ngazi haziwezi. Alikuwa amemwambia Tohir, "Mwanangu, umenivutisha moshi wa tanuri mwaka mzima, na hata komamanga moja sijaliona. Niletee nilione."

Nilipomwona anaulenga ukuta nikapuliza filimbi.

"Risolat, acha utani," akasema. "Ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Shusha kamera."

"Ni za mama hizi, mdogo wangu. Picha nne tu. We geuka uangalie treni, utakuwa hujaona kitu."

"Nikivaa sare sina mama," nikamwambia. "Nina amri."

Nikaichukua kamera, nikaufungua mgongo wake, nikauvuta mkanda wote kwenye mwanga mpaka ukaungua. Mama mmoja mwenye kikapu cha mikate akasema kwa sauti, "Huyu hakunyonya, huyu." Naye nikamwandika jina, kwa kosa la kuvuruga kazi.

Mama alifariki Septemba. Mimi nilipewa cheti cha utumishi bora na birika la chai lililochorwa maua ya pamba. Toka siku ile ya kamera kaka hajanitolea neno. Hata msibani piyala, kile kibakuli cha chai, alinipitishia kwa mkono wa jirani. Miaka thelathini na mmoja, Mheshimiwa. Nilivumilia kwa sababu nilijua niko sahihi. Sasa tangazo lenu la mistari mitatu lina maana gani? Kwamba siri haikuwepo? Basi ule mkanda niliuunguza kwa ajili ya nini?

4. Nimedhalilishwa. Juzi nilishuka Anorzor kukagua. Nikamkuta bibi harusi na wapambe kumi wameyaegemea makomamanga, na watalii wamelala chali sakafuni wanapiga picha dari. Nikapuliza filimbi, maana ninayo bado. Askari kijana akanijia, mabegani kabeba mikoba ya watalii hao hao.

"Bibi, mambo hayo yalishaisha," akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. "Sogea kidogo basi, unawaharibia picha."

Zamani niliziharibu kwa cheti. Leo naziharibu kwa bahati mbaya!

Kwa heshima zote, naomba:

(a) Marufuku irudi mara moja.

(b) Ikishindikana, ukuta wa Anorzor upakwe chokaa, na stesheni nyingine zote zifuate, mpaka zifanane na mahali pa kujificha.

(c) Hilo nalo likishindikana, niandikiwe barua yenye mhuri inayosema kwamba Mei 1987 siri ilikuwepo, hata kama ilikuwa ndogo. Nitaridhika na ndogo.

Wasalimie wote ofisini, madereva wa treni, yule mama wa masjala anayepoteza barua, na nyumbani kwako pia.

Wako katika ulinzi,
Risolat Hamidova,
Mlinzi (bado).

N.B. 22 Agosti. Jana ilikuwa Idi, posta imefungwa. Asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, niliazima simu ya mjukuu wangu Zebiniso, nikashuka Anorzor kuchukua ushahidi wa uharibifu ili niuambatanishe hapa. Nilianzia mwanzo wa ukuta, nikashtukia nimefika mwisho. Picha arobaini na sita. Uharibifu sikuuona.

Kisha nikaenda kwa mama. Nikakaa kando ya kaburi nikawa namwonyesha, moja moja, taratibu, maana macho yake enzi za uhai yalikuwa hafifu. Kwenye picha ya tisa nikasikia pumzi nyuma yangu. Alikuwa kaka Tohir, na ndoo ya maji mkononi. Akaitua, akainamia simu.

"Imepinda," akasema.

Nikasogeza picha ya kumi.

"Na hii pia. Umeyakata matawi yote ya juu. Simu inashikwa kwa mikono miwili, Risolat."

Kwa sababu hiyo, naomba ofisi yako isiguse ombi (a) wala (b) kabla ya Jumatatu. Jumapili tunarudi wawili kuzipiga upya. Ombi (c) nimelifuta mwenyewe.