Madoa Sitini na Moja ya Bibie

Jumapili, 4 Mei

Siku kuu! Baba mkwe kaniachia gari. Mimi! Si mwanyumba wangu. Mimi!

Niandike vizuri, nije nisome uzeeni. Mke wangu yuko katikati ya ndugu watatu wa kike. Mume wa dada mkubwa ndiye mwanyumba wangu: ana duka la rangi za nyumba na hujipulizia manukato hata akienda kutupa taka. Dada mdogo anaolewa Jumamosi hii. Atapelekwa ukumbini na gari la baba mkwe. Jeusi, lina miaka tisa, halijui tope. Baba mkwe analiita Bibie na haoni haya.

Mzee amekwenda kwa basi kuwachukua shangazi zake wawili. Barabara ya huko ni ya vumbi, na Bibie hakanyagi vumbi. Wenye wivu watasema nimeachiwa kwa sababu uwanja wangu una ukuta na wa mwanyumba umejaa makopo. Waseme!

Masharti: nisiliegemee. Nisilifute kwa kitambaa kikavu. Nisivae pete karibu nalo. Jumamosi likiwa safi, mimi ndiye nitakayemwendesha bibi harusi. Likionekana hata doa moja, usukani anapewa mwanyumba.

Miaka kumi na miwili nimeoa katika nyumba hii. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Mimi naitwa "huyu". Huyu kaja. Huyu kala? Jumamosi yatakwisha hayo.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Bibie yuko uwanjani, anakoga mwenyewe. Nimeshona sketi sita za shule huku nikimtazama dirishani, na moja nimeiwekea mifuko nje.

Mwanyumba kapiga simu kunijulisha kwamba suti yake ya udereva imeshafuliwa. Nilikohoa tu, lakini kikohozi chenye maana.

Mpango wa asali unakwenda vizuri. Mzinga uko nyuma ya tangi la maji, wiki ya tatu sasa. Mke wangu anadhani ni sanduku la vipuri vya cherehani. Sikumdanganya, yeye ndiye hakuuliza zaidi. Tangu mambo ya sungura, na baadaye uyoga chini ya kitanda, amepiga marufuku kiumbe chochote kinachozaana. Lakini nyuki ni tofauti. Nyuki wanajitegemea.

Jumanne, 6 Mei

Mvua bado. Nyuki hawatoki. Nimeweka sikio kwenye mzinga, wananung'unika kama abiria kwenye foleni. Nimewaambia wavumilie.

Mwanyumba kapita "kusalimia". Kalizunguka gari mara tatu na mwavuli. Suruali yake ilikuwa na tone la rangi ya njano kwenye goti. Nimeliona. Nimelihifadhi kichwani.

Jumatano, 7 Mei

Jua! Anga jeupe! Saa tatu asubuhi nikatoka na chai kumsalimia Bibie.

Jamani. Madoa! Ya njano, marefu kidogo, yamerushwa juu ya paa, boneti, milango. Rangi ya njano! Goti la njano! Nikampigia mwanyumba nikamwambia nimemjua leo. Akaniuliza nimemjua kwa lipi. Nikamwambia ajiulize mwenyewe, yeye na brashi yake. Akasema nimepata homa, ninywe maji mengi. Mnafiki.

Nikaamua kukusanya ushahidi. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo nikazungushia kila doa duara, kama ninavyoweka alama ya vifungo. Sitini na moja. Nikarudi nyuma kutazama. Bibie alikuwa na madoa sitini na moja na miduara sitini na moja. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Kisha nikajaribu doa moja kwa ukucha. Lile lililo chini ya kioo cha pembeni, mlango wa kushoto. Doa likatoka! Nikafurahi. Nikainama kutazama karibu zaidi.

Mkwaruzo. Mwembamba kama uzi namba hamsini, urefu wa sindano.

Nimekaa chini kwenye zege. Nimesikia sauti ya mzee kabisa: huyu kakwaruza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwita fundi wa rangi za magari. Ni mama mmoja wa makamo, ana karakana nyuma ya kituo cha mafuta, mikono mipana, maneno machache. Nilimweleza kwa simu kwamba gari limehujumiwa na adui wa kifamilia.

Alipoona miduara ya chaki alishika kichwa. Akaniuliza hili ni gari au ni kitambaa cha sare. Kisha akalowesha kidole, akagusa doa, akanusa. Akacheka mpaka akashikilia lango.

Akasema hakuna adui. Ni mavi ya nyuki.

Nikamwambia haiwezekani, nyuki ni watu wasafi. Akasema ndiyo sababu! Nyuki hajisaidii ndani ya nyumba yake. Mvua ikinyesha siku mbili tatu wanabana, wanabana, jua likitoka wote wanatoka mbio kama wanafunzi kengele ikilia, na aliye chini ndiye mwenye bahati mbaya. Nikamuuliza kwa mshangao mkubwa, sasa hao nyuki wametoka wapi? Aliangalia juu tu. Walikuwa wanapita kwa mstari, mmoja baada ya mwingine, kutoka nyuma ya tangi langu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi ndiye fundi nguo.

Nimempigia mwanyumba kumwomba radhi. Karibu nimwombe radhi. Nimemuuliza bei ya chokaa.

Mama fundi amenipa somo, naliandika lote. Doa la nyuki lina chavua, na chavua ni punje ngumu. Ukisugua kavu, umepiga msasa. Kwa hiyo husugui. Unalilainisha. Gari liwe kivulini, bati lipoe. Kwanza mwaga maji mengi, vumbi na ile chaki ya mwendawazimu viondoke vyenyewe. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea magari, si ya vyombo. Loweka taulo laini, lilaze juu ya doa, liache robo saa. Nenda kafanye kazi nyingine. Ukirudi, doa limekuwa uji. Linyanyue kwa taulo, usilivute. Kunja upande safi, nenda doa linalofuata. Likigoma, laza tena. Akasema kusugua ni haraka, na haraka haina baraka.

Mkwaruzo sikumwonyesha. Nilikuwa nimeegemea mlango huo muda wote, kwa mbali kidogo, bila kugusa. Mgongo unauma.

Ijumaa, 9 Mei

Ushindi! Niiteni daktari wa magari!

Nimelisogeza gari kivulini. Kwa vitambaa, hapo hakuna wa kunifundisha. Nimepapasa kila kitu cha ndani ya nyumba kwa vidole vya fundi. Fulana yangu: ngumu. Shuka: lina pindo. Kisha nikafungua kabati la juu nikakuta taulo nane mpya, laini kama shavu la mtoto. Nimekata lebo zote, maana lebo nayo inakwaruza. Nikaloweka, nikalaza, nikasubiri na saa mkononi. Nikanyanyua.

Doa halipo! Chini yake weusi unacheka! Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia. Kufikia saa sita mchana madoa yote ila moja yameondoka, na uso wangu nimeuona kwenye boneti, na ni uso wa mtu anayeitwa mwanangu.

Saa sita na robo mke wangu akarudi kutoka zahanati. Ni muuguzi. Akalikuta gari limelazwa taulo moja la mwisho juu ya paa, akauliza mgonjwa ana homa kiasi gani. Kisha akalitambua taulo. Ni taulo za shangazi. Za wageni. Alizifunga kwa utepe mwenyewe.

Akauliza madoa yalitoka wapi. Nikasema mbinguni. Akafuata mstari wa nyuki kwa macho, akaenda nyuma ya tangi kulikagua sanduku langu la vipuri. Aliporudi alisema neno moja: leo.

Mama fundi ana kaka yake mkulima, atakuja jioni nyuki wakisharudi nyumbani auchukue mzinga. Sawa. Lakini ilikuwa bado alasiri, na kichwa changu hakilali. Nikampigia mwanyumba, nikamwalika alete mapambo ya gari mapema, na gari lake jeupe aliegeshe pale pale kwenye njia ya nyuki. Bibie nikamhamishia mbele ya nyumba. Kila mtu na sehemu yake ya bahati.

Nikaenda kumpunguzia bibi harusi upindo wa gauni. Nimerudi jioni, mzinga hauko, gari la mwanyumba limekwisha ondoka. Nimelala nikitabasamu.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika haraka, viatu bado miguuni.

Saa moja asubuhi natoka mbele ya nyumba. Madoa thelathini na manne! Mbele ndiko jirani anakopanda maua yake, na nyuki wangu, kwa safari yao ya mwisho, walikuwa wamekwenda huko. Wameniaga.

Mwanyumba akafika saa moja na nusu, akawashusha mkewe, mama mkwe na bibi harusi, wakaingia ndani, maana bibi harusi anavalishwa kwetu. Gari lake: safi. Hata tone! Suti ya udereva mwilini. Akayaona madoa. Nikasubiri acheke. Akanitazama usoni, nadhani nilikuwa karibu kulia, sikatai. Akavua koti, akakunja mikono, akauliza taulo ziko wapi.

Nikamwambia ukweli wote hapo hapo. Mzinga, simu, njia ya nyuki. Akasema alijua tangu Jumanne, mzinga ulikuwa unanung'unika kuliko mimi, na jana aliegesha kwingine. Kisha ndipo akacheka. Nikacheka na mimi. Tulicheka huku tumeshika ndoo moja.

Mke wangu akachukua uongozi kama wodini. Wewe paa, wewe boneti. Laza. Subiri. Nani kasema usugue? Nyanyua! Shemeji mkubwa alichemsha maji. Bibi harusi akatoka na nywele nusu zimesukwa, akauliza kama gari litapona. Akaambiwa litapona, akajifunge kanga asimwagikiwe maji. Saa tatu kasorobo doa la mwisho likanyanyuka. Tukashangilia mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Ukabaki mkwaruzo. Nikafunga utepe mkubwa mweupe kwenye kioo cha kushoto, maua yakaning'inia juu yake. Kulia sikufunga kitu. Mtindo wa kisasa.

Baba mkwe akashuka kwenye teksi na shangazi wawili. Hakusalimia. Akalizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua madawati enzi zake za ukaguzi wa shule. Paa. Boneti. Kulia. Kushoto. Akasimama kwenye utepe. Akauliza mbona sikio moja lina hereni na lingine halina. Nikasema ni mtindo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame: mzee akainama, akaunyanyua utepe.

Nikasema kwaheri usukani. Kwaheri mwanangu. Nikafungua mdomo nikaungama: baba, ni ukucha wangu.

Mzee akatazama nyuma. Mama mkwe alikuwa mlangoni na shangazi, hasikii. Akaninong'oneza ninyamaze. Akasema huo ni ukucha wake yeye. Wiki ya kwanza kununua gari, mavi ya ndege, akakwangua. Miaka tisa anaegesha upande wa kushoto ukutani ili mama asiuone, maana mama alimwambia siku ile ile alowekee taulo, akamjibu kwamba mkaguzi hafundishwi kufuta.

Nikapapasa. Kweli! Kingo zake zimelainika kwa uzee. Ukucha wangu haukufanya lolote. Siku nne nimebeba dhambi ya mtu mwingine!

Mzee akaushusha utepe, akaurudishia vizuri. Akanikabidhi ufunguo. Kwa sauti ya watu wote akasema: twende, mwanangu, tunachelewa.

Machozi. Nimeendesha nikiwa nimelowa kidevu. Taratibu sana, waenda kwa miguu walitupita, mmoja alimpungia bibi harusi mkono, baadaye akatusubiri kona ya pili ampungie tena. Mwanyumba alikaa kando yangu na kunisomea barabara. Ni mtu mzuri. Manukato yake yamezidi, lakini ni mtu mzuri.

Jumapili, 18 Mei

Habari njema juu ya habari njema! Mzee anawarudisha shangazi kwao na ameniachia Bibie wiki nyingine. Bila masharti! Alisema tu: mwanangu unajua.

Naam, najua. Nimetulia sasa, nimekomaa. Mke wangu amenisifu kwamba tangu nyuki waondoke nina akili. Mambo ya siri nimeacha. Nimemweleza wazi kwamba najenga rafu, na rafu ni mbao, haizaani.

Ni kazi nzuri, imekaa juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, haimsumbui mtu. Ina vyumba kumi na viwili vyenye vimilango vya duara, nimevipima kwa chaki. Njiwa wanafika kesho asubuhi, jozi sita. Hawaumi, hawanung'uniki, na hawachezi mbali.

Kivuli cha rafu kimekuwa kikubwa kuliko nilivyotarajia. Nimemwegesha Bibie hapo hapo chini yake, jua lisimharibu rangi.