Potinja Hawezi Kumwoa Potinja

Whitehall, Ohio
Agosti 16, 2015

Kwa Mama Nzigire, Mhariri,
Jarida la Waumini Waswahili,
Buffalo, New York.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUZUIA TANGAZO LA HARUSI YA NDUGU WAWILI

Natumaini hujambo, Mama. Mimi mwili mzima, moyo ndio umevimba. Jina langu ni Sylveri Potinja, Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kasulu, Tanzania, sasa mfunga maboksi katika ghala moja hapa Columbus, na msomaji wako mwaminifu kuliko wale wanaofungia sambusa jarida lako. Nimesikia umeletewa tangazo kwamba binti yangu Florida ataolewa na kijana Yonasi Potinja wa Newburg, Louisville, mwana wa Mzee Liberati Potinja. Naomba kwa heshima zote ulikalie tangazo hilo. Ulikalie kama kuku anavyokalia mayai, ila lisianguliwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Vijana hawa ni ndugu. Usishtuke, nitakueleza taratibu. Mwaka jana Florida, ambaye anasomea uuguzi, aliandika jina letu kwenye kompyuta, mchezo tu. Lahaula! Kumbe Potinja si jina la Kirundi hata kidogo. Lilikuwa la mchungaji Mwingereza, Bwana Pottinger, aliyekuja Burundi zamani za wakoloni akitokea kijiji kinachoitwa Little Sowerham, ambacho mimi nakiita Sowerham Ndogo. Babu yangu alikuwa mpishi wake. Siku ya ubatizo karani akauliza huyu ni nani, watu wakamjibu kwamba huyu ni wa Potinja. Karani akaandika Potinja, na mimi nikapewa jina la babu. Babu yake Liberati naye alikuwa akimsukumia Bwana huyohuyo baiskeli kwenye vilima, akabatizwa kwa mtindo huohuo. Mpishi na msukuma baiskeli, Bwana mmoja, jina moja. Damu ni nzito kuliko maji, Mama Mhariri, na ile chai ya maziwa ya Bwana Potinja, kwa jinsi babu alivyoisimulia, ilikuwa nzito kuliko damu.

2. Mzee Liberati anabisha. Alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa, akasema wao ni wa Makamba, sisi ni wa Bururi, na kwamba babu yake alianza kazi wakati babu yangu ameshafukuzwa kwa kuunguza keki ya Krismasi. Hilo la keki ni uzushi na nitalijibu siku nyingine. Lakini kuhusu undugu, naomba tumwachie Mmarekani aamue, maana tuko kwake. Wewe unajua kwamba kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mdogo wangu wa tumbo moja, anayekaa Reynoldsburg hapa jirani, anaitwa Ezéchias Gasore. Majira ya baridi nilipolazwa kwa nimonia, Ezéchias alikuja hospitali akasema yeye ni ndugu yangu. Wakatazama jina lake, wakatazama langu, wakamwambia marafiki wasubiri nje. Jioni yake Liberati, ambaye sijawahi kumtia machoni, alipiga simu kutoka Louisville kunipa pole, kwa kuwa vijana wetu walikuwa wameshajuana. Nesi akaja mbio, meno yote nje, kuniambia kwamba kaka yangu ananisalimu!

Sasa basi. Kama Amerika nzima imemnyima Ezéchias undugu ikampa Liberati, mimi mfunga maboksi ni nani nipinge? Liberati ni kaka yangu. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Kwa hiyo Yonasi ni mwanangu, na alipokuja hapa Pasaka na suti yake ya buluu kuniomba mkono wa Florida, alikuwa anamposa dada yake mbele ya baba yao. Nilimpa soda akanywa. Sikuwa nimepiga hesabu hii bado.

3. Usidhani nasema haya kwa kubahatisha. Nimefanya utafiti. Kule Sowerham Ndogo yuko bibi mmoja mzee anayetunza kumbukumbu za parishi, mtu mwema sana, na Florida alimwandikia. Tangu hapo bibi yule anatutumia karatasi za kanisa lao, za tangu enzi za wafalme ambao siwezi kutamka majina yao. Kila Jumapili tukitoka ibadani Florida ananisomea kwa Kiingereza, ananitafsiria, mimi namenya karanga. Kijiji kile sasa nakijua kuliko Whitehall. Najua mnara wao umeinama. Najua kuna Sowerham Ndogo lakini Kubwa haipo, kwa sababu Kubwa iliisha kwa tauni. Najua ukoo wa Tuckett ulinyang'anya ukoo wa Pottinger benchi la mbele kanisani, wakashitakiana mpaka kwa askofu. Tuckett hao sijawasamehe, na nikimkuta mmoja wao hapa Columbus atanieleza benchi letu liko wapi.

Siku niliposomewa ile tauni nilikwenda kazini nimenyong'onyea. Msimamizi akaniuliza kulikoni. Nikamjibu nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani, nikasema kijiji kizima. Maskini, alinikumbatia akanirudisha nyumbani.

Ni kweli bibi yule ameandika pia kwamba Bwana Potinja hakuoa, hakuzaa, na alirudi Uingereza na mwavuli tu. Liberati analishikilia jambo hilo kama rungu. Lakini jiulize mwenyewe, Mama, asiye na mtoto na mwenye watoto tisa, ni nani mwenye shida zaidi ya wajukuu?

4. Hapa ndipo penye uzito. Bwana Potinja alifariki huko kwao na sisi jamaa zake hatukukaa matanga. Hata siku moja! Wala hatukuwakalia matanga wale wa tauni, wala yule mzee Pottinger aliyeanguka mnarani akiwinda njiwa. Mwacha asili ni mtumwa. Nawauliza Wakristo wenzangu wa Louisville, Columbus na Buffalo: tangu lini watu wakapiga vigelegele vya harusi na maiti za ukoo bado hazijaliliwa? Napendekeza Potinja wote wakutane ukumbi wa kanisa letu, wanawake walete wali na maharage, tuwalie marehemu mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata karatasi za parishi. Kila marehemu apewe wiki yake. Tukishaondoa matanga ya mwisho, ndipo tuzungumze habari za harusi. Kwa makisio yangu Florida atakuwa bado yuko hapa nyumbani siku nitakapostaafu, na hilo nitalipokea kama mapenzi ya Mungu.

5. Louisville ni mbali. Najua hii si hoja ya ukoo, lakini imo, nami nimeipa namba. Ni zaidi ya saa tatu kwa gari, na nikiendesha mimi ni nne na nusu. Mabinti wa siku hizi ukiwauliza jambo wanakujibu "Dadi, plizi" na mlango unafungwa. Wangu hajawa hivyo tangu karatasi za Sowerham zilipoanza kuja. Anakaa. Anasoma. Tukifika kwa Tuckett tunakasirika pamoja. Sasa nani atanisomea? Caritas mke wangu haoni maana ya vijiji vya watu waliokufa. Ezéchias Kiingereza chake ni cha kuomba likizo tu. Nitabaki na karanga zangu na benchi lililoibwa, na inaniuma, Mama Mhariri, sina njia nyingine ya kusema. Inaniuma sana.

Kwa hayo basi naomba tangazo lisitoke, harusi isimamishwe, na wazee wa makanisa yetu watamke wazi kwamba Potinja hawezi kumwoa Potinja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni Potinja, kesho mtasikia Tuckett naye ametuma posa.

Nisalimie watu wote wa Buffalo na theluji yao, wanakwaya, wazee wa kanisa, na yule fundi wako wa kupiga chapa ambaye kila toleo hukosea jina langu. Nisalimie hata Mzee Liberati mkiongea. Ni kaka yangu, nitafanyaje.

Wako katika Bwana, na katika Bwana Potinja,

Sylveri Potinja

N.B. Mama Mhariri, kabla sijafunga bahasha Caritas ameisoma barua hii. Ameisoma yote, amesimama, mwiko mkononi. Kisha akaniuliza kwa upole kama namkumbuka bibi yake mzaa mama, yule aliyekuwa akifua mashuka ya misheni. Nikasema namkumbuka vizuri sana, Mungu amrehemu. Akaniuliza huyo bibi alibatizwa nani. Ole wangu! Alibatizwa Mariya Potinja. Kikulacho kumbe ki nguoni mwako. Kwa hoja yangu mwenyewe nimeishi na dada yangu muda wote huu, na Florida ninayemzuia asiolewe na kaka yake ni mpwa wangu. Caritas hakugomba. Alichukua blanketi akalitandika kwenye kochi sebuleni, akasema ndugu wa damu hawalali chumba kimoja.

Kochi lenyewe ni fupi. Kwa hiyo barua hii usiichape, ichane, na hoja zote tano zifutwe, isipokuwa ya tano.

Tangazo la harusi litoe, tena kwa herufi kubwa. Florida ameshaniambia simu ziko hata Louisville na Jumapili zitaendelea. Halafu akanichekea, akanionyesha leseni yake ya udereva. Rafiki zake wote walioolewa hapa walikwenda kupanga foleni wabadilishe jina la baba waandike la mume. Yeye hana haja ya kwenda. Basi muombe fundi wako awe mwangalifu mara hii moja: ataondoka kwangu Potinja, atafika kwao Potinja.