Nilivyomuuza Scola kwa Milioni Nane

Jumapili, 3 Agosti

Barua ya posa imekwenda! Mzee Teodori, mshenga wangu, kaipeleka leo baada ya misa ya pili. Kavaa koti la kahawia na kofia, kapanda bodaboda mpaka Nakwa kwa Shangazi Domitila, aliyemlea mchumba wangu Scola tangu akiwa na miaka sita. Shangazi kaipokea. Hakucheka, hakununa. Kasema jibu Jumapili ijayo.

Wiki nzima! Mzee kasema huo ndio utaratibu. Kazi yangu ni moja tu, kukaa kwa adabu siku saba, nisitajwe vibaya na mtu.

Rahisi. Mimi nachapa na kutoa kopi kwenye steshenari karibu na stendi. Nani anitaje? Barua yenyewe nimeichapa kwa mkono wangu, herufi kubwa, maua pembeni.

Jambo la pili, dogo. Timu yangu ya kwenye simu, Sigino Kombaini, imefungwa tena. Saba kwa nne. Tuko makocha kumi na wawili hapa mjini tunacheza ligi hiyo, tunauziana na kununua wachezaji kwa sarafu za mchezo, si hela za kweli. Akademi ikikupa kijana mpya, jina unampa mwenyewe. Mshambuliaji wangu nilimwita Scola, kwa mapenzi. Mwenyewe alifurahi mpaka akawaonyesha wenzake pale duka la dawa anapofanya kazi. Mabao yote manne ya leo kafunga Scola wa kwenye simu.

Anayeongoza ligi ni Feisal wa duka la spea za pikipiki. Mimi ni wa kumi na moja. Tatizo ni kipa. Sina kipa, nina mtu amesimama golini.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempata kipa! Anaitwa Dragomir. Miaka thelathini na sita, mikono mirefu. Dau lake milioni tisa. Mimi nina milioni moja na laki mbili. Dirisha la usajili linafungwa Jumanne ya wiki ijayo saa sita mchana.

Mpango. Namweka sokoni beki wangu mbovu kuliko wote, halafu nafungua akaunti ya pili nijifanye kocha mwingine anayemtaka sana. Watu wakiona anagombewa watapanda dau. Nikaazima simu ya Mama Hope, jirani yangu anayeuza maandazi. Nikamwambia natafuta mtandao wenye nguvu.

Simu yangu kulia, ya Mama Hope kushoto. Napandisha dau. Hakuna anayekuja. Napandisha tena. Kimya. Muda ukaisha. Beki kanunuliwa na Mama Hope.

Yaani nimejinunulia beki wangu mwenyewe, na bei yote mchezo umeikata kama ada. Mama Hope kauliza bando lake limekwenda wapi. Nimemwambia siku hizi bando zinaisha tu, hata mimi nashangaa.

Jumatano, 6 Agosti

Siku kubwa! Feisal kaleta ofa. Milioni nane kwa Scola.

Nilikataa. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilikataa, tena kwa hasira. Nilikaa na hasira hiyo kama dakika nne hivi. Halafu nikapiga hesabu. Nane na vijisenti vyangu, Dragomir huyo! Nikiwa na kipa, nashinda. Nikishinda, mchezo unanilipa. Nikilipwa, namrudisha Scola kabla hata hajazoea jezi ya Feisal. Kwa kweli simuuzi, namsogeza tu pembeni.

Nikampigia Feisal nikiwa kwenye foleni ya maandazi. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi nipaze sauti. Nikamwambia basi mchukue Scola, milioni nane, mimi sina neno! Nikamwambia kabisa, maana mimi si tapeli, kwamba goti la kushoto linamsumbua na akichoka hakimbii.

Mama Hope aliacha kugeuza maandazi. Yakaungua manne. Sikuelewa kwa nini.

Dragomir kafika. Mikono mirefu kweli!

Alhamisi, 7 Agosti

Yesu na Maria!

Mzee Teodori kaja steshenari asubuhi, kofia mkononi. Shikamoo yangu kaijibu kwa mbali. Kauliza kama ni kweli nimemuuza mchumba kwa mtoto wa Bi Siti, yule mwenye duka la spea.

Maneno yalitoka kwa Mama Hope, yakapita sokoni, yakapanda bajaji mpaka Nakwa. Yalipomfikia Shangazi Domitila zilishakuwa milioni nane na pikipiki mpya juu. Tena inasemekana nilimsema Scola hadharani kwamba ni mgonjwa wa magoti.

Nikamweleza Mzee. Nikamwonyesha simu. Kauliza hawa watu wako wapi. Nikasema humo. Kauliza na hizo milioni ziko wapi. Nikasema humo humo. Akaigeuzageuza kofia yake, wateja wawili wakatoa kopi wakaondoka. Halafu kasema miaka thelathini ya ushenga amewahi kumsemea mlevi, amewahi kumsemea kijana aliyesahau jina la mchumba. Hajawahi kumsemea mtu aliyeuza kabla ya kuoa.

Shangazi kasema barua yangu ameiweka chini ya gunia la mbaazi. Hajaichana. Bado.

Na Dragomir kaumia akipasha misuli. Nje wiki sita.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, lakini duka la dawa liko wazi. Nikaenda kwa Scola na hotuba nzima kichwani. Mchezo anaujua, kwa hiyo nilijua atacheka.

Hakucheka. Kasema maneno ya mjini hayamsumbui, Shangazi ataelezwa ataelewa. Anachotaka kujua ni kitu kimoja, nilimpata nani. Nikamwambia kipa. Kauliza ana miaka mingapi. Nikasema thelathini na sita. Kauliza anadaka. Nikasema kwa sasa yuko majeruhi.

Akamhudumia mteja. Akamwelekeza kidonge kimoja kutwa mara tatu, baada ya chakula. Akamkumbusha amalize dozi. Ndipo akanigeukia. Kasema mchezaji yule nilimpa jina lake yeye, nikamwambia siku ile kwamba hata tukishuka daraja Scola haondoki. Kwa hiyo amejua mimi nikikwama nafanya nini. Kasema Scola awe amerudi kabla ya Jumapili, la sivyo yeye mwenyewe ndiye atakayeitoa barua chini ya gunia na kunirudishia.

Nilitoka pale bila kuaga. Kwenye shajara yangu siwezi kudanganya, niliumia. Kila siku saa saba ananitumia ujumbe kuuliza kama nimekula. Leo saa saba simu ilikaa kimya. Sikula.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Feisal saa mbili asubuhi. Nilijiandaa kupiga magoti kati ya matairi.

Kumbe naye yuko kwenye moto! Bi Siti, mama yake, kasikia kwamba mwanawe kamnunua mchumba wa mtu. Siku mbili hampikii. Feisal kala chipsi siku mbili, macho yamemtoka. Amemweleza mama ni mchezo wa simu, mama kajibu hata waliomwiba mbuzi wake mwaka juzi walisema ni mchezo.

Lakini Feisal ni mfanyabiashara hata akiwa na njaa. Kataka kwanza milioni ishirini. Nikamwambia nina laki mbili na kipa mwenye bandeji. Tukabishana mpaka saa nne. Mwisho Bi Siti akapiga simu. Nilisikia sauti yake nikiwa nje ya kaunta. Feisal akatoka ameinama, akasema sawa. Scola anarudi. Nampa Dragomir, laki mbili zangu, na nitamtolea kopi bure mpaka Krismasi. Na niandike kwenye kundi la makocha kwamba yeye ndiye kocha bora Manyara nzima.

Nimeandika. Nimefuta mara mbili, lakini nimeandika.

Scola yuko nyumbani! Nikampiga picha kwenye kioo cha simu nikamtumia Scola. Saa saba kauliza kama nimekula. Nililia kidogo, nyuma ya mashine ya kopi.

Jumapili, 10 Agosti

Nakwa, sebuleni kwa Shangazi. Mzee Teodori kanionya nisifungue mdomo, mwoaji haongei, anayeongea ni mshenga. Nikaufunga.

Shangazi kaleta barua. Ilikuwa na vumbi la mbaazi. Kasema Scola amemweleza yote na kumwonyesha kwenye simu, na yeye bado haelewi mtu mzima anamuuzaje mtu asiyekuwepo. Lakini binti kasema anamtaka huyu huyu, na binti hajawahi kumdanganya. Jibu ni ndiyo. Faini mbuzi mmoja, kwa kuliuza jina la mtoto wake.

Ndiyo! Nilitaka kuruka, Mzee akanikanyaga mguu.

Kisha Shangazi kauliza swali moja mbele ya wote. Je, humo ndani kuna mtu mwingine wa ukoo wao? Nikaapa hakuna. Nikaapa pia kwamba sitauza tena ndugu yao yeyote. Mzee Teodori akaapa kwa niaba yangu. Shangazi kachukua namba yangu, na jioni kanitumia salamu WhatsApp na picha ya maua. Sasa ni mama kwangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi njema! Akademi imenipa kijana mpya. Beki wa kulia, kifua kipana, hapiti mtu. Nikafikiria nimshukuruje Shangazi kwa moyo wake. Nimemwita Domitila. Nitamshangaza siku ya harusi.

Saa nne Feisal kaleta ofa. Kipa! Kijana, miaka ishirini na moja, mzima, kwa Domitila. Dirisha linafungwa kesho saa sita.

Nilikataa. Dakika mbili hivi.

Kiapo nakikumbuka. Ila nimefikiria kwa makini, na huku si kuuza, ni kubadilishana. Na funzo la wiki iliyopita nimelishika vizuri sana. Kosa lilikuwa kupaza sauti kwenye foleni. Safari hii sijampigia Feisal. Nimeandika ujumbe WhatsApp, kimya kimya, steshenari, mlango umefungwa. Nimeandika: Domitila mchukue, nimemchoka, ana nguvu lakini mzito kugeuka na kichwani hamna kitu.

Nimebonyeza. Tiki mbili. Zimekuwa za bluu papo hapo. Huyu Feisal ana haraka!

Mbona hajibu?

Kajibu. Kauliza: Mzito kugeuka nani, mwanangu?

Feisal hajawahi kuniita mwanangu.